Dakika Tano za Kupasha Gari Moto

Asubuhi moja, nikiwa na zaidi ya miaka ishirini katika kazi ya umeme wa magari, nilitumia saa mbili na nusu kutafuta kwa nini altaneta ya pikapu moja haichaji betri. Nilipima waya mnene unaotoka nyuma yake kwenda kwenye betri. Mzima. Nilipima fyuzi. Nzima. Nilifungua kisanduku cha fyuzi, nikakifunga, nikakifungua tena, kana kwamba mara ya pili ningekuta kuna kitu kimekuja kunitembelea. Nikaingia chini ya gari kwa mgongo, nikatoka na oili hadi kwenye nyusi, nikamwambia mwenye pikapu kwa sauti ya daktari mkuu, "Hii imekufa ndani. Itabidi tuing'oe."

Mke wangu alikuwa ametoka na chai. Akanitazama, akamtazama mwenye gari, akasema, "Baba Tito, hiyo kitu umevaa kwa shingo ni ya nini?"

Ilikuwa mkanda. Mkanda ule ule unaozungushwa na injini, nao ukaizungusha altaneta. Nilikuwa nimeutoa mwenyewe nione kama umechakaa, nikautundika shingoni nisije nikaupoteza, na kweli sikuupoteza. Mwenye pikapu alisema yeye aliuona tangu mapema, ila alidhani mafundi wa umeme hutembea hivyo, kama daktari na kile chombo chake cha kusikiliza moyo.

Nimeanza na hilo, vijana wangu, ili mnizoee. Kosa ninalotaka kuwasimulia ni kubwa kuliko hilo, na nililifanya juzi juzi tu, nikiwa nimeshastaafu, mtu wa mvi na heshima zake katika ploti tunamoishi.

Kwanza mnijue. Gereji yangu maisha yote imekuwa hatua kumi na moja kutoka mlangoni kwangu, hapa Mowlem. Nimezihesabu. Wenzangu walihamia Industrial Area, wengine wakaenda hadi Juba kutengeneza malori. Mimi sikuona sababu ya kwenda mahali ambapo siwezi kusikia sufuria ya kwetu ikifunikwa. Gari lilinifuata, mimi sikulifuata. Kilichonistaafisha ni kijana mmoja aliyeniletea gari la kisasa, lile linalotumia petroli na betri kubwa pamoja. Akaniambia taa ya betri inawaka, niangalie altaneta. Nilifungua boneti, nikaitafuta altaneta kulia, nikaitafuta kushoto, nikashuka chini, nikapanda juu. Baada ya nusu saa kijana akaniuliza kwa upole, "Mzee, unatafuta nini?" Nikamwambia. Akafungua simu yake, akasoma kidogo, akasema, "Inasema hii gari haina hiyo kitu." Jioni hiyo niliosha spana zangu zote, nikazipanga ndani ya debe, nikasema basi.

Lakini fundi hastaafu mahali anapoishi. Jirani yangu wa ghorofa ya kwanza ni Mama Ndunge, karani wa ofisi moja mjini. Ana gari dogo la bluu, la zamani kidogo, lenye altaneta ya kuonekana kwa macho, namshukuru Mungu. Kazini huenda kwa matatu kama sisi sote, kwa sababu kuegesha gari mjini ni mateso. Gari ni la mumewe, Mzee Kyalo. Huyo ni mchongaji wa vinyago, mikono yake bado ina sugu kama magamba, lakini miaka miwili iliyopita alipatwa na kiharusi, na tangu hapo mguu wake wa kushoto hufikiria kwanza kabla ya kwenda. Makanga wa matatu hawana subira na mguu unaofikiria. Kwa hivyo lile gari la bluu ndiyo miguu yake. Kila Jumapili lilimpeleka kanisani Umoja, dakika kumi tu, na zamani, mara moja kwa mwezi, lilikuwa linampeleka Gikomba kwenye kibanda cha wachongaji wenzake, ambako walikuwa bado wamemwekea kigoda chake. Bila gari, dunia ya Mzee Kyalo ni sebule na roshani.

Sasa gari lenyewe likaanza siku nyingine kukataa kuwaka. Ndani ya mwaka mmoja na nusu lilikuwa limekula betri mbili, na ya tatu ilikuwa imeanza kukohoa. Siku moja lilizima moyo pale Gikomba, Mzee yumo ndani, ikabidi vijana wa mitumba walisukume huku wakiimba. Tangu siku hiyo Mama Ndunge hakulipeleka tena mbali zaidi ya kanisa.

Jumatatu moja alinikuta nimeketi kwenye ngazi, akasimama mbele yangu na mkoba wake wa kazini.

"Fundi, mimi nimechoka."

"Pole, Mama Ndunge."

"Pole haiwashi gari. Jumamosi saa nne kuna broka wa magari anakuja kutoka Kware. Ikiwaka mbele yangu asubuhi hiyo, inabaki. Ikikataa, anaenda nayo."

"Na Mzee je?"

"Mzee atazoea roshani."

Kutoka juu ya vichwa vyetu, kwenye roshani yenyewe, sauti ikasema, "Mzee amesikia!"

Mama Ndunge aliinua macho, akayashusha, akaenda zake kazini. Nikabaki na siku nne, na altaneta ambayo mikono yangu ilikuwa imeifungua mara nyingi kuliko mlango wa duka. Nilikuwa nimeshaibadilishia brashi za kaboni, kile kidude kinachopunguza na kuongeza umeme tunachokiita regyuleta, na beringi zote mbili. Kila mara niliifunga nikiwa na hakika. Hakika yangu ndiyo ilikuwa imeharibika, lakini hiyo haina kipimo.

Jumanne nilianza upya, kwa utaratibu wa mwalimu wangu, Mzee Shee. Huyo alikuwa mtu wa Lamu aliyetua mtaa wa Huruma na kofia yake ya vito na sanduku la mbao, akafungua kazi kando ya barabara. Hakuwa na mita. Alikuwa na taa moja ya indiketa iliyounganishwa nyaya mbili, na bisibisi ndefu. Siku yangu ya kwanza aliniambia nikae kwenye kiti cha dereva, niweke swichi bila kuwasha injini, nimwambie naona nini. Nikatazama dashibodi. Taa ya oili imewaka. Ile ndogo yenye picha ya betri haikuwaka. Nikatoa kichwa dirishani kwa furaha: "Mwalimu, betri haina shida!"

Akaniuliza, "Wewe mgonjwa akinyamaza wamwita mzima?"

Lishikeni hilo. Taa ya betri lazima iwake kabla injini haijanguruma, kisha izime ikishanguruma. Katika magari mengi ya zamani umeme mdogo unaopita kwenye hiyo taa ndio unaoiamsha altaneta. Taa ikiungua, altaneta inabaki imelala, nanyi mnaing'oa bure. Nimeshuhudia altaneta nzima ikiuzwa kama chuma chakavu kwa ajili ya taa ya ukubwa wa punje ya mahindi. Nani aliiuza, msiniulize.

Taa ya Mama Ndunge iliwaka, na ikazima inavyotakiwa.

Nikaenda kwenye bisibisi. Hii Mzee Shee alinifundisha kama siri ya ukoo. Weka swichi, injini imezima, sogeza ncha ya bisibisi ya chuma kwenye beringi ya nyuma ya altaneta. Ikivutwa kama sumaku, ujue brashi zinagusa na kile kinachozunguka ndani kimepata umeme. Isipovutwa, umeme haufiki. Hakuna mita, hakuna kufungua kitu. Bisibisi yangu ilinasa vizuri sana, nikaona hata raha ya kuivuta.

Nikawasha injini, nikaweka mita kwenye betri. Volti kumi na nne nukta mbili. Nikawasha taa kubwa na feni, nikamwomba mke wangu, Mama Tito, akanyage mafuta kidogo. Ikashuka hadi kumi na tatu nukta tisa, ikakaa. Hiyo ni afya. Betri iliyojaa na kupumzika ni kumi na mbili nukta sita. Injini ikinguruma, mkiona kati ya kumi na tatu na nusu na kumi na nne na nusu, ondoeni mkono kwenye spana.

Nasema mita, kwa sababu zamani hatukupima hivyo. Zamani tulikuwa tunang'oa kichwa cha betri, pale waya unaposhikana nayo, injini ikiwa inanguruma. Ikiendelea, tunasema altaneta ni nzima, ikizima, mbovu. Watu walikuwa wanasimama kutazama kama mazingaombwe. Msifanye hivyo hata kwa ndoto. Mimi niling'oa kichwa hicho mbele ya umati, kwenye gari la kwanza lenye kompyuta kuingia katika ploti yetu, gari la mzee wa kanisa. Betri ndiyo inayomeza umeme unaoruka. Ukiitoa, unaruka hadi kwenye kila kitu. Redio ilitoa sauti moja kama ya mbuzi, dashibodi ikawaka kama harusi, kisha gari likazima na mimi nikazima nalo. Yule mzee wa kanisa alinisamehe, alisema hivyo mwenyewe, lakini tangu siku hiyo akinipa mkono wa amani hunipa vidole viwili.

Basi, altaneta ya Mama Ndunge ilikuwa inatoa umeme. Je, unafika? Niliweka waya mmoja wa mita nyuma ya altaneta na wa pili kwenye kichwa cha betri, injini na taa zikiwa zimewashwa, nione ni kiasi gani kinapotea njiani. Karibu hakuna. Nikafanya vivyo hivyo upande wa athi, njia ya umeme kurudi, kutoka bodi ya altaneta hadi kichwa hasi. Safi. Nikageuza mita kwenye umeme wa kupanda na kushuka, ule usiotakiwa kuonekana kwenye betri, kwa sababu ukionekana mwingi ujue dayodi za altaneta, vile vidude vinavyoulazimisha umeme uende upande mmoja, zinavuja. Kidogo sana. Mwisho nikafungua kichwa hasi, nikapitisha umeme ndani ya mita, nikafunga milango yote, nikangoja gari lilale, nione ni nani anayeiba likiwa limezimwa. Alikuwa anaiba kidogo tu, kiasi cha saa ya dashibodi na kumbukumbu ya redio.

Jioni nilikuwa nimemaliza kila kipimo ninachokijua, na gari lilikuwa zima kila mahali. Hakuna kitu kinachomtisha fundi kama gari zima linalowaka likipenda. Mzee Kyalo alikuwa ameketi roshani mchana kutwa, mikono juu ya fimbo.

"Fundi," akaniita, "umepata nini?"

"Nimepata kwamba kila kitu kiko sawa, Mzee."

"Hata mimi daktari aliniambia hivyo," akasema. "Halafu nikaanguka."

Sasa niwaeleze desturi yetu moja, kwa sababu ndiyo yenyewe. Katika ploti yetu kuna magari sita ya Jumapili. Wenyewe huenda kazini kwa matatu wiki nzima, na magari hukaa. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya kuondoka, kila mmoja hushuka na ufunguo wake, huwasha gari, hulipasha moto dakika tano pale pale lilipo, hulizima, huenda kazini akiwa na amani. Magari sita yananguruma kwa pamoja, moshi unapanda hadi kwenye nguo zilizoanikwa, na hakuna hata moja linaloenda popote. Ni kama kwaya.

Na nani aliwafundisha? Mimi. Nilipostaafu nilibaki na maneno mengi na magari machache, kwa hivyo nikaanza kutoa ushauri. Niliwaambia gari linalokaa betri yake hulala, liamsheni kila siku. Kwa Mama Ndunge, kwa sababu ya Mzee, nilitoa ushauri wa ziada kama mtu anayemwongezea jirani nyama. "Ukishawasha," nilimwambia, "washa pia taa kubwa, na feni, na redio, ili altaneta ifanye mazoezi." Nilisema mazoezi. Alifuata maagizo yangu kama dawa ya hospitali, kila asubuhi, bila kuruka hata moja. Akishazima, mimi nilikuwa natoka na mita yangu, naipima betri hapo hapo, inasoma kumi na mbili nukta tisa, namwonyesha Mzee Kyalo kidole gumba, naye ananiinulia fimbo kutoka roshani. Tulikuwa tunafurahia sana hiyo ibada yetu.

Jumatano nilipima betri kabla Mama Ndunge hajashuka. Kumi na mbili nukta mbili. Imechoka, lakini hai. Akashuka, akaipasha moto na mazoezi yake yote, akazima, akaenda kazini bila kunitazama. Kwa kawaida ningepima hapo hapo. Lakini Mama Tito alikuwa ameanza kukaanga mahamri, na mimi si mtu wa kuacha mahamri ya kwanza yapoe kwa ajili ya betri. Nikala matano. Tukazungumza. Nilipotoka ilikuwa imepita saa nzima na zaidi.

Nikapima. Kumi na mbili nukta moja.

Nikaigonga mita pajani. Kumi na mbili nukta moja. Nikakumbuka kwamba mita yenye betri chovu husema uongo, nikafungua ile rimoti ya redio ya mwanangu Tito yenye betri mpya ya kufanana, nikabadilisha. Kumi na mbili nukta moja. Gari lilikuwa limewashwa dakika tano, altaneta nzima, nyaya nzima, na betri ilikuwa imetoka pale na umeme mdogo kuliko ilivyoingia.

Niliketi kwenye bampa.

Hebu tufikirie pamoja, kama vile nilivyopaswa kufikiria mwaka mmoja na nusu kabla. Stata, ile mota inayoiamsha injini, hunywa umeme mwingi mno kwa sekunde chache. Injini ya zamani ikizunguka polepole pale ilipo, altaneta nayo huzunguka polepole, na umeme wake mwingi unaliwa na taa kubwa, feni na redio. Kinachobaki kwa betri ni makombo. Dakika tano za makombo hazirudishi ilichokunywa stata. Kila asubuhi tulikuwa tunaikopa betri na kuirudishia pungufu kidogo, siku sita, na Jumapili dakika kumi za kanisani hazikutosha kufidia. Na ile kumi na mbili nukta tisa niliyokuwa naionyesha kidole gumba? Hiyo ni joto la juu juu tu. Betri iliyotoka kuchajiwa sasa hivi hujisifu. Iache saa moja ipoe, au iwashie taa dakika moja uzime, ndipo ikwambie ukweli. Jambo hilo nilikuwa nalijua. Nimewafundisha watu jambo hilo. Sikuwa na subira nalo, kwa sababu nilipenda kile kidole gumba.

Jioni nilimngoja Mama Ndunge langoni.

"Naomba betri yako niichaji usiku kucha kwangu. Kesho nairudisha. Halafu gari lisiguswe mpaka Jumamosi."

"Hata kupasha moto?"

"Hata kupasha moto."

"Si ni wewe ulisema kila siku?"

"Mambo yamebadilika," nikasema.

Vijana, hapo ndipo pangekuwa pa kusema ukweli. Nikaumeza. Nilijiambia nitamweleza likiwaka, maana fundi anayekiri kosa gari likiwa limewaka husikilizwa vizuri zaidi kuliko anayekiri likiwa limekufa. Lakini pia niliogopa, na si Mama Ndunge peke yake. Betri inayoachwa na njaa muda mrefu huganda ndani; unaweza kuijaza leo, kesho kutwa ukaikuta tupu. Ikiwa hii ya tatu ilikuwa imeshaganda, basi chaja yangu haikuwa na la kusaidia, na Mzee Kyalo angekaa roshani kwa sababu yangu, huku akiniinulia fimbo kila asubuhi.

Alhamisi alfajiri niliirudisha betri, nikaifunga, kisha siku hiyo na Ijumaa nilibaki ndani. Saa kumi na mbili na nusu magari matano yalinguruma, na moja likanyamaza. Nilizisikia ngurumo zote tano nikiwa kitandani. Mama Tito akaniuliza mbona sitoki na mita yangu. Nikamwambia nina baridi kifuani.

Jumamosi saa tatu unusu nilikuta Mzee Kyalo ameshashushwa. Vijana wawili wa ghorofa ya tatu walikuwa wamemshika huku na huku, naye amevaa koti lake la kanisani na kofia, kiatu kimepakwa rangi.

"Unaenda wapi, Mzee?" nikamuuliza.

"Ikikataa, nimekuja kuiaga. Ikikubali, naenda Gikomba."

Wakamwingiza kiti cha mbele. Mguu wa kushoto ulifikiria muda wake, ukaingia. Mama Ndunge akaketi kwenye usukani, akaweka swichi. Taa ya betri ikawaka. Majirani walikuwa wametoka kwa visingizio vya kufua. Akazungusha ufunguo.

Stata ilizunguka mara moja, ikasita. Nilisikia mtu akisema "Woi" na nadhani ni mimi. Kisha ikazunguka tena, haraka, kwa nguvu, na injini ikashika.

Mzee Kyalo alitazama mbele tu, akasema, "Twende."

"Twende wapi?" Mama Ndunge akauliza. "Broka anakuja saa nne."

"Atakuta tumeenda."

Mama Ndunge aliweka mkono juu ya gia. Kisha akanigeukia dirishani. "Fundi, ingia. Ikizima njiani, uisukume mwenyewe."

Nilimweleza kwamba sijavuka Outering Road muda mrefu, na kwamba nina sukuma wiki jikoni. Mama Tito, kutoka mlangoni, akasema, "Sukuma nitapika mimi. Ingia."

Nikaingia nyuma na kipimo changu kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Njia nzima nilisoma kwa sauti kama mtangazaji wa mpira.

"Kumi na nne nukta mbili."

"Na sasa?" Mzee anauliza, tumefika Donholm.

"Kumi na nne nukta mbili."

"Na sasa?"

"Mzee, ni ile ile."

"Isome tu."

Kwenye foleni ya Jogoo Road, ikiwa inanguruma bila kwenda, ikashuka hadi kumi na tatu nukta sita, na tukianza kutembea ikapanda tena. Nilikuwa natazama kwa macho yangu jambo ambalo hatua zangu kumi na moja hazikuwahi kunionyesha: gari huchajiwa na barabara. Mkitaka betri idumu, lipelekeni mbali nusu saa au zaidi mara moja kwa wiki. Kama hamna mahali pa kwenda, fungueni kichwa hasi, mliache lilale kwa amani. Msilipashe moto.

Simu ya Mama Ndunge ililia tukiwa Gikomba. Alikuwa broka. "Haiuzwi," akamwambia. "Iko kazini." Akakata.

Kibandani walikuwa sita, wamezungukwa na twiga na vifaru ambavyo havijaisha. Walipomwona Mzee Kyalo wakaanza kumtukana kwa furaha, kwa Kikamba, ya kwamba amekuja kula na kazi haiwezi. Mmoja akafuta kigoda kwa kiganja. Wakamketisha, wakamtilia mpingo mapajani na patasi mkononi. Mkono wa kushoto ulishika tu. Wa kulia ulikuwa haujasahau kitu. Alitoa ganda moja jembamba, akalinusa, akalitia mfukoni mwa koti la kanisani.

Nilingoja saa nzima kwa saa, nikafungua boneti, nikapima. Kumi na mbili nukta sita. Mama Ndunge alikuwa amesimama kando yangu, anamtazama mumewe.

"Sasa niambie," akasema bila kugeuka. "Ilikuwa ugonjwa gani?"

Nikamweleza. Nilieleza stata, na makombo, na joto la juu juu. Nilitumia mikono yote miwili. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo zile dakika tano za kila asubuhi."

"Ndiyo."

"Na taa."

"Na feni," nikasema. "Na redio."

Akaishusha boneti taratibu, akaikandamiza kwa viganja viwili mpaka ikalia, kisha ndipo akanitazama.

"Fundi," akasema, "hii gari haikuwa na ugonjwa. Ilikuwa na wewe."